Panya wa Pua ya Chuma: Imani, Sayansi na Lugha katika Usomaji wa Hadithi ya Kilwa

Utangulizi

Makala haya yamezaliwa darasani. Katika semina ya fasihi ya Kiswahili ya kale, sisi wanafunzi tulipewa kazi ya kusoma hadithi ya kuanzishwa kwa Kilwa Kisiwani na kueleza, kila mmoja kwa maandishi, iwapo tunaiamini. Swali lilikuwa jepesi kwa sura tu. Tulipokutana kuyasoma majibu yetu, tuligundua kwamba tumegawanyika katika makundi matatu, na kwamba kila kundi limekuja na hakimu wake. Kundi la kwanza liliamini hadithi kwa misingi ya dini. La pili liliipeleka hadithi maabarani ikapimwe. La tatu liliikabidhi kwa wanaisimu. Karibu sote tulikuwa tumeandika juu ya hadithi bila ya kuisoma kama hadithi.

Mwandishi wa makala haya alikuwa katika kundi la pili. Matokeo ya utafiti wa vinasaba vya watu wa kale wa pwani, yaliyotolewa mwezi wa Machi 2023, yalikuwa yametusisimua, nami niliandika kwa ujasiri kwamba hadithi ya Washirazi imethibitishwa na sayansi na kwamba mjadala umekwisha. Mwenzetu mmoja, binti wa pwani ambaye hakuwa amejiunga na kundi lolote, alitusikiliza sote hadi mwisho, kisha akauliza: "Na hao mama zao, katika hadithi hii, wanaitwa nani?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Makala haya ni jaribio la kulijibu swali hilo kwa kuchelewa.

Tunakusudia kutimiza mambo mawili. Kwanza, tutaonyesha kile ambacho kila mojawapo ya njia hizo tatu za usomaji hukipata katika hadithi ya Kilwa na kile inachokipoteza. Pili, tutatetea rai kwamba nguvu za hadithi hii hazitokani na ukweli wake wala uongo wake, bali na uteuzi wake: imechagua nani akumbukwe na nani asahauliwe. Aidha, tutadai kwamba lugha, hata pale ambapo msimulizi hakukusudia, imewahifadhi wale ambao hadithi iliwaacha nje.

Hadithi na Matini Yake

Hadithi ya Kilwa haina matini moja. Tunazo angalau tatu zinazostahili kutajwa. Ya kwanza ni tarihi iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, Kitab al-Sulwa fi Akhbar Kulwa, jina ambalo laweza kufasiriwa kuwa Kitabu cha Liwazo katika Habari za Kilwa. Nakala yake iliyotufikia ilinakiliwa Unguja mwaka 1877, na Arthur Strong akaichapisha mwaka 1895. Ya pili ni masimulizi aliyoyatia Mreno João de Barros katika kitabu chake cha mwaka 1552, yaliyotokana na habari zilizopatikana Kilwa. Ya tatu ni ya Kiswahili, ambayo Mjerumani Carl Velten aliichapisha mwaka 1907.

Kwa mujibu wa matini ya Kiarabu, Sultani wa Shirazi aliota ndoto. Alimwona panya mwenye pua ya chuma akiugugunya ukuta wa mji. Akaifasiri ndoto hiyo kuwa ni dalili ya kuangamia kwa nchi yao, na jamaa hao wakaondoka kwa majahazi saba, baba na wanawe sita, kila jahazi likatua mahali pake katika pwani na visiwa vya Afrika ya Mashariki. Aliyefika Kilwa alikikuta kisiwa mikononi mwa mtawala mwenyeji aitwaye Almuli. Alitaka kukinunua, na mwenyeji akaitaja bei: nguo za rangi za kukizunguka kisiwa chote. Nguo zikatandazwa, kisiwa kikazungukwa, na Almuli akahamia bara. Lakini alikusudia kurejea na jeshi. Basi mnunuzi akakichimba kivuko kilichokuwa kikipitika wakati wa maji kupwa, na kutoka siku hiyo Kilwa ikawa kisiwa kwelikweli.

Kisa chenyewe ni hicho. Ni kifupi, kina ufundi, na kila sehemu yake imekwisha kusomwa kwa namna zinazogongana.

Usomaji wa Imani

Wenzetu wa kundi la kwanza walikishika hasa kisa cha kivuko. Katika matini ya Kiswahili kazi hiyo haifanywi kwa majembe pekee. Qurani inasomwa, sadaka inatolewa, na bahari inaitika. Kwao huo ulikuwa ushahidi kwamba Kilwa ilisimamishwa kwa neno la Mungu. Baadhi yetu tulicheka, na hapo tulikosea. Msomi anayekicheka kisomo katika hadithi ya Kiislamu ya pwani ni sawa na anayeicheka kweli ya tambiko katika tanzia ya Kiyunani: ameonyesha tu kwamba hakualikwa. Kwa hadhira ya kwanza ya hadithi hii, kisomo hakikuwa pambo. Kilikuwa ndicho kinachoifanya ardhi iliyonunuliwa kwa nguo igeuke kuwa makao.

Hata hivyo, usomaji wa imani kama ulivyoletwa darasani ulikuwa na dosari moja kubwa. Ulichukulia kwamba Uislamu uliingia Kilwa pamoja na Mshirazi. Matini ya Kiarabu yenyewe haisemi hivyo. Inaeleza kwamba wageni walipofika walimkuta kisiwani Mwislamu aliyekuwa akiishi na jamaa zake, na kwamba msikiti ulikuwapo tayari. Mtu huyo anaitwa Muriri wa Bari, na ndiye aliyekuwa mpatanishi kati ya mgeni na Almuli. Kwa maneno mengine, tarihi iliyoandikwa ili kuwatukuza Washirazi inakiri kwa unyofu kwamba imani iliwatangulia. Msomaji mwenye imani alipaswa kuwa wa kwanza kuliona jambo hilo. Lakini alikuwa anamtafuta mwanzilishi, na anayemtafuta mwanzilishi hupita mbele ya waliokuwapo bila ya kuwaamkia.

Kuna jambo jingine ambalo usomaji wa imani ungaliweza kutupa, nalo limo katika jina la kitabu. Kwa nini tarihi ya wafalme iitwe liwazo? Kilwa ilivamiwa na Wareno mwaka 1505 chini ya Francisco de Almeida. Mji ukaporwa, ngome ikajengwa, na biashara ya dhahabu iliyoupa mji utajiri ikavurugika. Mwandishi wetu aliandika baada ya hapo, katika mji uliokwisha kugugunywa. Tukiisoma ndoto ya panya kwa kuyazingatia hayo, haitakuwa tena habari ya Shirazi pekee. Ukuta unaoanguka katika ukurasa wa kwanza ni ukuta ambao mwandishi na wasomaji wake walikuwa wameuona ukianguka kwa macho yao. Hadithi inawaambia: tuliwahi kupoteza mji, tukasafiri, tukapata mwingine. Hilo ndilo liwazo. Halihitaji kuthibitishwa ili lifanye kazi yake.

Usomaji wa Sayansi

Kwa muda mrefu sayansi haikuwa rafiki wa hadithi hii. Katika enzi ya ukoloni wataalamu wengi waliiamini mno, kwa kuwa iliwafaa: iliwaruhusu kudai kwamba kila jiwe lililopangwa juu ya jiwe katika pwani ya Afrika lilipangwa na mgeni. Baada ya uhuru mkondo uligeuka. Neville Chittick, aliyechimbua Kilwa katika miaka ya 1960, alipendekeza kwamba Washirazi wa Kilwa hawakutoka Uajemi moja kwa moja bali walishuka kutoka pwani ya Benadiri. Uchimbuzi wa Mark Horton huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, kati ya 1980 na 1988, ulifichua misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, wa chini kabisa ukiwa wa miti, wa karne ya 8. Mji haukuteremshwa kutoka jahazini ukiwa mzima. Ulikua taratibu katika kijiji cha wenyeji. Kufikia miaka ya 1990, katika kumbi nyingi za vyuo, Ushirazi ulikuwa umekwisha kuhesabiwa kuwa dai la heshima tu, vazi lililovaliwa na koo za Kiafrika zilizotaka ubora mbele ya koo nyingine.

Lakini ardhi haikuacha kutoa vitu. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ilipatikana hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha zilizotengenezwa na watawala wa pwani, pamoja na dinari chache za dhahabu zilizowezesha hazina hiyo kuwekwa katika karne ya 11. Miongoni mwa majina yaliyopigwa juu ya sarafu hizo ni Ali bin al-Hasan, jina linalofanana na la mwanzilishi katika tarihi. Kwa mwanafunzi wa fasihi sarafu hizo zina mvuto wa pekee, kwa sababu maandishi ya upande mmoja yana vina na maandishi ya upande wa pili. Mtu aliyekuwa akienda sokoni alibeba mfukoni ubeti wa mishororo miwili.

Ndipo ukaja utafiti wa 2023, uliochapishwa katika jarida la Nature. Watafiti, wakiwamo Chapurukha Kusimba na David Reich, walichunguza vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani ikiwamo Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara, na katika mji mmoja wa bara. Waligundua kwamba wengi wa watu wa miji hiyo walikuwa na asili mbili zilizoungana: ya Kiafrika na ya Kiasia. Sehemu ya Kiasia ilitoka hasa Uajemi, ikiwa na mchango mdogo wa Kihindi, na kuungana huko kulianza kama mwaka 1000. Baada ya mwaka 1500 asili ya Kiarabu ikaanza kuongezeka. Muhimu zaidi kwa hoja yetu, asili hizo hazikuja kwa njia moja. Kuna sehemu ya vinasaba ambayo kila mtu huirithi kwa mama pekee, na sehemu nyingine ambayo mwanamume huirithi kwa baba pekee. Ile ya mama ilikuwa ya Kiafrika karibu yote. Ile ya baba ilikuwa ya Kiasia kwa sehemu kubwa.

Ninakiri kwamba nilipoyasoma matokeo hayo niliisoma nusu tu. Niliona mababa Waajemi, nikaandika kwamba hadithi imeshinda. Sikuona kwamba utafiti uleule ulikuwa umewaona mama, ambao hadithi haikuwataja. Aidha, nilivisukuma vinasaba vibebe mzigo usio wao. Vinasaba havina majina. Haviwezi kutuambia kama palikuwa na majahazi saba au sabini, kama waliokuja walikuwa wana wa mfalme au wachuuzi, wala kama kuna mtu aliyewahi kuota panya. Na waliochunguzwa, wengi wao wakiwa wamezikwa katika makaburi ya miji ya mawe, hawawezi kumsemea kila aliyeishi pwani: mvuvi wa kijijini, mkulima wa shambani, mtumwa. Sayansi ilijibu swali lake kwa uangalifu. Mimi ndiye niliyelibadilisha swali baada ya kulipata jibu.

Usomaji wa Lugha

Kundi la tatu lilisimama juu ya mwamba imara zaidi. Kazi za wanaisimu, hasa Derek Nurse na Thomas Spear mwaka 1985, na Nurse na Thomas Hinnebusch mwaka 1993, zilikwisha kuonyesha kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu ya kundi la Sabaki, ndugu wa Kimijikenda, Kipokomo, Kielwana na Kikomoro. Uambishaji wake, ngeli zake na msamiati wake wa msingi havikuazimwa kwa mtu. Yapo maneno ya Kiajemi, na baadhi yake yanaeleza yenyewe yalikotoka: nahodha, bandari, dirisha. Ipo pia Nairuzi, sikukuu ya mwaka mpya, ambayo kule Makunduchi, Unguja, huadhimishwa kama Mwaka Kogwa. Lakini maneno hayo yanakaa ndani ya Kiswahili kama mgeni akaavyo sebuleni. Hayakuihamisha nyumba.

Hapo ndipo wenzetu wa isimu walipokomea, wakahitimisha kwamba, kwa kuwa lugha ni ya Kibantu, hadithi ni ya uongo. Hitimisho hilo linaruka hatua moja. Lugha ya Kibantu na mababa Waajemi vinaweza kukaa pamoja bila ya mgongano, iwapo tutauliza ni nani anayemfundisha mtoto kusema. Katika miji ya Lamu na Pate, miongoni mwa koo za waungwana, desturi ilikuwa binti anayeolewa kupewa makao na wazazi wake, na mume kuhamia kwa mkewe. Hatuwezi kuirudisha desturi hiyo kama ilivyo hadi karne ya 11, lakini inatusaidia kuliona jambo lenyewe. Mtoto anayezaliwa katika nyumba ya mama, akilelewa na bibi, mama wadogo na wajomba, ataupata ukoo wa baba kwa jina na lugha ya mama kwa kinywa. Kwa hiyo vinasaba na isimu vinatoa ushahidi mmoja kwa njia mbili. Kiswahili ndicho urithi ulioachwa na wanawake ambao tarihi haikuwataja.

La kusisimua zaidi ni kwamba ushahidi huo umepenya hadi ndani ya matini ya Kiarabu. Mwandishi aliandika kwa lugha ya dini na dola, kwa adabu na kanuni zake. Lakini alipofika kwenye majina, Kiswahili kilimponyoka. Yule Mwislamu wa kwanza ni Muriri *wa* Bari, na kiunganishi hicho si cha Kiarabu. Mwanzilishi mwenyewe, mwana wa Shirazi aliyenunua kisiwa, amebandikwa lakabu ya Nguo Nyingi. Hebu tuzingatie maana ya jambo hili. Mtu anayedaiwa kuleta ustaarabu kutoka ng'ambo anakumbukwa kwa jina alilopewa na wenyeji, katika lugha ya wenyeji, kwa kitu alichowalipa wenyeji. Lakabu haitungwi na mwenye nayo. Hutungwa na watu wanaomtazama akipita. Ndani ya jina hilo tunaisikia sauti ya upande wa pili wa biashara ile, na sauti hiyo ina kicheko kidogo.

Panya Mahali pa Mama

Sasa tunaweza kulirudia swali la mwenzetu. Mama wako wapi? Jibu linapatikana tukizilinganisha matini.

Katika masimulizi ya de Barros hakuna panya. Sababu ya safari ni nyingine kabisa. Sultani wa Shirazi ana wana saba. Sita wamezaliwa na mke wa nasaba kuu ya Kiajemi, na wa saba, Ali, amezaliwa na mtumwa wa Kihabeshi. Nduguze wanamdharau kwa ajili ya mama yake, naye anaamua kuitafuta nchi ambayo hatadharauliwa. Anasafiri, anaikwepa miji iliyokwisha kukaliwa na watu wa madhehebu tofauti na yake, na hatimaye anakinunua kisiwa cha Kilwa kwa nguo.

Tofauti hii si ndogo. Katika matini moja mji wa Kilwa umezaliwa na dharau aliyotendewa mwana wa mwanamke mweusi. Katika matini nyingine umezaliwa na ndoto ya mfalme. Si lazima tuamue ipi ilitangulia. Yatosha kutambua kwamba nafasi ni ileile katika mtiririko wa kisa, yaani chanzo cha safari, na kwamba nafasi hiyo imejazwa mara moja na mama na mara moja na panya. Na panya mwenyewe si mgeni katika fasihi ya Kiarabu. Katika visa vya kuvunjika kwa bwawa la Marib huko Yemeni, ni panya anayelitafuna bwawa, na mkubwa mmoja anayeiona dalili hiyo anawahi kuhama na watu wake. Mwandishi wa tarihi alikopa motifu iliyokwisha kupata heshima. Kwa kufanya hivyo aliupa uhamaji wa wafalme wake sura ya busara na kuona mbali, na kulifuta doa ambalo, katika macho ya dola yenye kujali nasaba, lilikuwa asili ya Kiafrika ya mwanzilishi kwa upande wa mama.

Matini ya Kiswahili inafanya tofauti tena. Humo mgeni anamwoa binti wa mzee mwenyeji, Mrimba, na mtoto wa ndoa hiyo anakuja kutawala. Mwanamke amerudi, na ndiye daraja baina ya bara na kisiwa. Hata hivyo tunamjua kama binti wa fulani, mke wa fulani na mama wa fulani. Hali ni afadhali kidogo huku kwetu Mombasa, ambako mapokeo yanamtaja malkia Mwana Mkisi kuwa ndiye aliyetawala kabla ya Shehe Mvita. Yeye jina analo. Lakini hata hapo, ni Shehe Mvita ambaye koo za Thenashara Taifa zilimshika kama chimbuko, na mji ukabaki ukiitwa Mvita.

Haitoshi kusema kwamba huo ni mfumo dume, kisha tukaendelea na safari. Uteuzi wa hadithi ulikuwa na gharama. Serikali ya kikoloni ilipowagawa watu wa pwani kuwa wenyeji na wasio wenyeji, ikawatoza kodi na kuwapa haki kwa mujibu wa mgawanyo huo, swali la baba alitoka wapi liligeuka kuwa suala la riziki. Watu waliisimulia hadithi ya Washirazi mbele ya maofisa waliokuwa na kalamu mkononi. Huko Unguja jina lilelile lilipata kazi nyingine: mwaka 1957 chama cha Afro-Shirazi kiliundwa, na katika kistariki hicho kidogo asili mbili zilijaribu kuishi nyumba moja. Baadaye, wasomi walipoitangaza hadithi kuwa uzushi mtupu, wapo watu wa pwani waliosikia kwamba wao wenyewe ni uzushi. Kitabu cha Alamin Mazrui na Ibrahim Noor Shariff cha mwaka 1994 kuhusu utambulisho wa Waswahili kilizaliwa katika joto la mjadala huo. Kwa hiyo tunapoingia darasani na kuulizana kama tunaiamini hadithi hii, tukumbuke kwamba kwa baadhi ya walioketi nasi hilo si swali la mtihani. Mtu anaulizwa kama anamwamini bibi yake.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba imani, sayansi na isimu, kila moja kwa namna yake, ina la kutuambia juu ya hadithi ya Kilwa. Imani inatukumbusha kwamba hadithi ilisimuliwa ili kuliwaza watu waliopoteza mji. Sayansi inatuonyesha kwamba chini ya hadithi kuna makaburi, sarafu na watu halisi. Isimu inatuonyesha kwamba wageni walipokewa katika nyumba iliyokwisha kuwa na lugha yake. Makosa yanaanza pale ambapo mojawapo inajitwalia kiti cha hakimu na kutaka hukumu ya ndiyo au la.

Kazi ya mhakiki ni nyingine. Anapaswa kuziweka matini kando kwa kando na kuuliza kila badiliko limemfaidi nani na limemnyamazisha nani. Kwa kufanya hivyo tumegundua kwamba katika hadithi hii panya wa pua ya chuma ameketi mahali pa mama, na kwamba mama huyo hakupotea. Yumo katika neno dogo *wa* lililojichomeka ndani ya Kiarabu cha tarihi, yumo katika lakabu ya Nguo Nyingi, na yumo katika lugha ambayo makala haya yameandikwa.

Mwenzetu aliyeuliza swali lile hakuwasilisha insha siku hiyo. Alisema kwamba bado anamsubiri bibi yake amalizie kusimulia. Tunapendekeza kwamba masimulizi ya namna hiyo, ya nyumbani na ya wanawake, yakusanywe na yachunguzwe kwa uzito uleule tunaoupa tarihi ya wafalme, na kwamba yafanywe hivyo mapema, wakati ambapo wasimulizi wangali nasi.